Vitu vya mama mkwe vimejaa nyumbani, na mimi nimeuza karabai bila kumwambia

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapahapa Tanga na naomba sana jina langu lisitoke maana huku barabara za namba tunajuana mno.

Shangazi tumepanga vyumba viwili na sebule kwenye nyumba ya Kiswahili, korido katikati, uani tunatumia na wapangaji wengine. Chumba kimoja nalala mimi na mume wangu na mtoto mdogo wa miezi nane, cha pili walikuwa wanalala mabinti zangu wawili. Mwaka jana baba mkwe alifariki kule Pangani, mama alipotoka eda mume wangu akasema hawezi kumwacha mama yake peke yake na mimi nikakubali kwa moyo mweupe kabisa, mama mkwe wangu ni mtu mzuri, miaka 11 ya ndoa hatujawahi kukwaruzana hata siku moja.

Sasa hakuja peke yake. Ilikuja kirikuu imejaa mpaka imefungwa kamba juu. Kasha la mbao lenye misumari ya shaba alilopewa kwao siku anaolewa, mabegi manne ya shangazi kaja ya nguo na kanga, masufuria ya shughuli matatu yale makubwa na mifuniko yake, mikeka sita, kinu na mchi, mbuzi mbili za kukunia nazi, pasi ya mkaa, fremu ya baiskeli ya marehemu haina hata magurudumu, na karabai mbili, zile taa za mafuta ya taa za kupampu, ambazo baba mkwe alikuwa anaendea kuvua dagaa usiku wa giza enzi zake. Sisemi na sisi hatuna vitu, tunavyo, kuna hotpoti na glasi za kicheni pati yangu bado zipo kwenye maboksi, nguo za watoto zilizowabana, mume wangu ana spea zake za pikipiki na tairi mbili uani, tv ya chogo na sabufa bovu ambalo kila siku anasema atalipeleka kwa fundi. Lakini tulikuwa tunaenea.

Sa hivi sebuleni unapita ubavu. Mabinti wanalala na bibi yao kitanda kimoja watatu kwa sababu godoro la pili halina pa kutandika, mkubwa ana miaka kumi na anaanza kulalamika. Mtoto mdogo anatambaa kila akigeuka anakutana na kitu. Masika hii nimefungua shangazi kaja moja nikakuta kanga zimeota ukungu, madoa meusi kwenye mikunjo, na mende wametaga humo, nikanunua naftalini nikatupia kila mahali, kwenye kasha, kwenye mabegi, mpaka chini ya kitanda chetu.

Nimejaribu Shangazi. Nimeangalia video za watu wanavyopanga nyumba, nikanunua yale madumu ya plastiki yenye mfuniko sita kwa hela yangu ya vitumbua, yamejaa, na sasa yenyewe ndo yamekuwa mzigo mwingine. Nikimwambia mama tupunguze ananijibu kwa upole, mwanangu akiba haiozi. Mume wangu nikimwambia anasema vitu vya mama nisiviguse.

Wiki tatu zilizopita mama alienda Pangani kwenye hitma akakaa siku nne. Akapita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni, sijui nini kilinipata, nikampa fremu ya baiskeli, pasi ya mkaa, jiko langu bovu la mafuta ya taa na karabai moja, ile iliyopasuka kioo. Akapima kwenye mzani wake wa kuning'iniza akanipa 11,500. Nikanunua pampasi na sukari.

Kumbe mama kila Ijumaa asubuhi anazifuta zile karabai kwa pindo la kanga yake, mimi nilikuwa naona lakini sikuwahi kulitia maanani. Ijumaa ya kwanza akaniuliza karabai nyingine iko wapi nikamjibu labda watoto wameisogeza. Jumapili akauliza tena. Mara ya tatu hakuuliza, alisimama tu pale ilipokuwa imekaa afu akaenda kutawadha. Tangu hapo nimekosa amani, chakula hakipandi.

Nimepokea mchezo, nina 180,000. Fundi seremala anasema kabati la ukutani mpaka juu ni 350,000. Jirani ananishauri nipange stoo ya 25,000 kwa mwezi niweke vitu vya mama. Mume wangu anasema basi virudishwe Pangani kwa shemeji. Na karabai sijui nimwambie mama ukweli au ninyamaze isahaulike. Nifanyeje Shangazi?

Mkwe, Ngamiani.

*

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba, mwaka mmoja kwa mfiwa ni juzi tu.

Unisamehe nianze na ambalo hukuniuliza lakini siwezi kulipita. Hizo naftalini zitoe leo kwenye chumba anacholala mtoto, na mabegi yaliyonayo yatoke humo ndani. Zile zinayeyuka kidogokidogo zinakuwa mvuke, mvuke huohuo unaosumbua wadudu mtoto wako anauvuta usiku kucha. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kitu kinaitwa G6PD kwenye damu, huku kwetu kwenye malaria wapo na huwezi kumjua kwa kumtazama, hao naftalini inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu mpaka damu ikaisha mwilini. Halafu wako anatambaa na ile kitu nyeupe ya duara inafanana na pipi. Nguo zilizokaa nayo zianike zipigwe upepo na uzifue kabla hujamvalisha au kumbebea. Ukimwona macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au amelegea tu hana raha, usisubiri kesho, nenda hospitali na uwaambie kuwa kulikuwa na naftalini.

Haya, sasa tukae tuzungumze.

Nimekuelewa hivi. Umempokea mama kwa moyo mweupe na bado unampenda, ila nyumba imewaelemea, watoto hawana pa kulala wala pa kutambaa, kila mtu ana jawabu lake na hakuna lililokaa sawa. Na juu ya yote kuna karabai, ambayo naona ndiyo hasa iliyokufanya uandike. Ningekuwa karibu ningekushika mkono kwanza, maana mtu aliyebanwa miezi yote hiyo halafu akapewa dakika tano na mwenye mkokoteni mlangoni, naelewa mkono ulivyotangulia.

Lakini niliposoma mara ya pili nikachukua kalamu nikahesabu. Vya mama umevitaja kimoja kimoja mpaka misumari ya kasha, vya kwenu umevitaja kwa pumzi moja. Maboksi ya kicheni pati ambayo miaka 11 hayajafunguliwa, nguo za watoto zilizowabana, tv, sabufa, spea, tairi, na sasa madumu sita ya plastiki. Sikulaumu, kila mtu vitu vyake havimwoneshi kuwa ni vitu. Nakuuliza tu, kama kesho vya mama vyote vikiondoka, hicho chumba kitapumua au kitapumua nusu? Na mama akikusikia unasema "tupunguze", anasikia tupunguze vyetu, au anasikia punguza vyako?

Nalifikiria pia hilo neno lake la akiba haiozi. Huyu alikuwa na nyumba yake, na uwani wake na jiko lake, leo analala kitanda kimoja na wajukuu wawili na hajalalamika. Lile kasha na zile sufuria inawezekana ndizo nyumba yake iliyobaki. Ila na wewe una lako la kweli, maana akiba hapa Tanga inaoza, umeiona kwa macho yako kwenye mikunjo ya kanga. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, masika sakafu ya sementi inatoa jasho, nguo ukiifunga kwenye plastiki na unyevu wake kidogo tu umeifungia ukungu humo ndani. Hata yale madumu yako ya mfuniko yana hatari hiyohiyo. Sasa sijui kama umewahi kumwendea kwa mlango huo. Siyo mama tupunguze, ila mama kanga zako zinaharibika, Jumamosi jua likiwaka tuzitoe tuzianike.

Ukipata siku ya namna hiyo tandika mkeka uani, mfungue mabegi pamoja, mtoe doti moja moja, zenye ukungu zipigwe burashi hukohuko nje zisipeperushe vumbi lake ndani, zifuliwe, zikauke kabisa ndipo zikunjwe. Najua kitakachotokea maana nimekaa na wazee, kila doti ina habari yake, hii nilinunuliwa na fulani, hii nilivaa siku mume wako anazaliwa, itawachukua asubuhi nzima na mnaweza mkamaliza begi moja tu. Usimharakishe. Mwenyewe atasema hii wape wajukuu, hii imekwisha fanya mbeleko, na nyingine hatazitoa kabisa, zikae. Badala ya naftalini mnaweza kutia majani makavu ya mwarobaini na karafuu kwenye kitambaa, hazina nguvu ile lakini mkirudia kuanika kila baada ya miezi michache zinatosha. Mkaa mkavu kwenye kopo lililotobolewa nao unavuta unyevu kidogo ndani ya kasha.

Kuhusu kasha lenyewe, mbona naona kama unalihesabu kwenye mizigo? Kasha la misumari ya shaba ni fenicha. Likiwekwa sebuleni chini ya dirisha, chini yake vipande viwili vya mbao lisigusane na sakafu, juu mto au mkeka uliokunjwa, hapo umepata pa kukaa wageni wawili na mama amepata kitu chake mahali pa heshima. Huenda ikabidi kiti kimoja chenu ndicho kitoke, hilo sasa mtaongea na mume.

Masufuria ya shughuli yanaingiliana, hilo unalijua, lakini ile ya ndani kabisa ni tupu, na ni stoo yenye mfuniko wa bati ambayo panya haingii. Zile glasi na hotpoti zako zifunge kwenye vitambaa uziweke humo. Kuna wengine wanayaandika jina kwa rangi kwenye kitako wanayaacha kwa kikundi cha kinamama cha mtaa, shughuli ikitokea yanatoka, mengine yanakodishwa kwa hela ndogo, yanakuwa yanafanya kazi badala ya kukaa. Ila hilo lina hatari yake, sufuria inarudi na tundu au hairudi, kwa hiyo ni la kusema mwenyewe mama, siyo wewe wala mumeo.

Mikeka sita ukiilaza inakula chumba, ukiisimamisha nyuma ya mlango inaanguka. Hapa kwetu katani ipo tele, nunua kamba, piga vitanzi viwili vinavyoning'inia kwenye boriti au kenchi, mikeka iliyokunjwa ilale humo juu kama mtoto kwenye mbeleko. Ikunjwe mikavu tu, ukili ukikunjwa na maji unaota ukungu. Bibi yangu jikoni kwake alikuwa na susu, kile kitanzi cha kusuka anachotundikia chungu cha mboga paka asikifikie, na nikiwa mdogo nilidhani ni ya urembo. Sikuhizi naona watu wanatafuta mtandaoni jinsi ya kutumia nafasi ya juu, na sisi susu tulikuwa nayo jikoni siku zote. Mbuzi za nazi nazo zinatundikika, msumari mmoja imara kila moja, sehemu ya meno ielekee ukutani na iwe juu ya mkono wa mtoto.

Halafu uvunguni. Wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini uvungu wa vitanda vya siku hizi ni mdogo hata ukiinama hupati kitu. Watu wananyanyua kitanda kwa tofali moja kila mguu. Inasaidia, ila we una mtoto, kitanda kikipanda na kimo cha kuanguka kinapanda, kwa hiyo labda kinyanyuliwe kile cha wakubwa chumba cha pili tu, siyo mnapolala na mdogo, na mguu ukae kwenye tofali zima usije ukateleza. Ninachokiwazia zaidi ni lile godoro la pili. Fundi anaweza kutengeneza fremu fupi ya mbao yenye magurudumu, mchana inaingia chini ya kitanda cha bibi, usiku inavutwa, binti mkubwa analala peke yake. Sijui bei ya fundi wako, muulize, lakini nadhani inaweza kuingia ndani ya hiyo 180,000, na ingetatua kitu ambacho kabati halitatui.

Kabati silikatai. Ila kabla hujampa fundi senti, chukua chaki, chora sakafuni upana na kina cha hilo kabati, mkae nalo siku mbili, mlango ufunguke, mtu apite, mtoto atambae, uone. Mara nyingi kabati likiingia chumba kidogo linachukua nafasi kuliko linavyotoa. Unapungukiwa 170,000 pia, zitatoka wapi, isije ikawa mikopo ya kausha damu. Na nyumba ni ya kupanga, cha ukutani siku mkihama kinabaki, mwenye nyumba aulizwe kwanza. Nyumba za zamani za Ngamiani nyingine ukuta wake ni udongo na mawe, skrubu hazishiki, na kabati refu lisiloshikwa ukutani mtoto akipanda droo linamwangukia. Rafu nyembamba ya vitu vyepesi juu ya milango ni nafuu zaidi, ukuta ukikubali.

Stoo ya 25,000 kwa mwaka ni 300,000, karibu kabati zima, na vitu ambavyo hamvioni ndivyo vinavyoliwa na mchwa. Pangani nayo ina uzuri wake, kule kuna nafasi na ni kwao. Lakini umeniambia mume kasema virudi kwa shemeji, hukuniambia mama kasema nini. Mtu aliyefiwa akiona vitu vyake vinapakiwa anaweza kujisikia anayefuata ni yeye. Au anaweza kufurahi, kinu na nusu ya mikeka vikarudi kwake akajua ana mahali. Hilo hatulijui mpaka aulizwe. Na usitoe vitu uani ukadhani umepunguza, hizo tairi za mumeo mwambie azitoboe au aziuze, maji ya mvua yakikaa humo wiki moja na kitu tu mbu wa dengi ameshatoka, na mwaka 2019 homa hiyo tuliiona hapahapa Tanga.

Sasa karabai.

Unaogopa mama atakasirika. Mimi katika maelezo yako sijaiona hasira, nimeona mtu anauliza mara mbili halafu anasimama kimya. Inawezekana ameshajua. Uani mnatumia na wapangaji, kijana alipima kwenye mzani, kuna macho yaliona. Kunyamaza ni njia, wengi wangeishika na pengine ingepita, ila itabidi upite nayo kila Ijumaa asubuhi anapoifuta iliyobaki, na wanao wamebaki wamesingiziwa. Kumwambia nako kuna gharama, anaweza kulia, mume anaweza kuja juu kwa sababu alikukataza, na utulivu wa miaka 11 ukatikisika kwa muda. Wewe ndo unaijua hiyo nyumba. Kama unaona ni kusema, fikiria nani asikie kwanza, wapo wanaoona mume ajue mapema asije akasikia mbele ya mama yake, na wapo wanaoona ukimtanguliza mume linakuwa shauri la mtu na mwanawe na wewe unabaki pembeni.

Kuna kimoja pengine hukukifikiria. Karabai na baiskeli vilikuwa vya marehemu. Mirathi imeshagawanywa? Kama bado, vile vilikuwa vya warithi wote, mumeo na ndugu zake humo, siyo vya mama peke yake. Sisemi kukutisha, nasema ili ujue mume aliposema usiviguse huenda hakuwa anakupuuza.

Na kabla ya yote, yule kijana wa mkokoteni anapeleka kwa mtu mwenye mzani mkubwa. Wiki tatu ni nyingi, ila karabai ina shaba na shaba huwekwa pembeni, wakati mwingine hukaa mpaka mzigo utimie. Mtafute, muulize alipeleka wapi, nenda mwenyewe ukaangalie. Ukiikuta, hata imebonyea, utakuwa na kitu mkononi cha kuanzia mazungumzo. Usipoikuta pia utakuwa umekwenda, na hilo unaweza kumwambia.

Halafu iliyobaki. Hukuniambia imewekwa wapi. Kama ipo sakafuni nyuma ya mlango kwenye hilo rundo, itafutie ndoano sebuleni karibu na kasha, kimo cha mama, Ijumaa mkono wake ufikie kioo bila kupanda stuli.